SOMO LA HISTORIA: ORCHHA, NGOME YA WAFALME KATIKATI YA MTO



Siku moja katika kalasi ya tatu tulikuwa tunasoma mito ya India. Nilichora mto Betwa kwenye ubao, nikaweka alama ndogo katikati ya maji, nikasema: hapa wafalme walijenga ngome yao, maji huku na maji kule. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma kabisa akainua mkono. "Bwana Profesa, kama maji yanawazunguka, njo nani aliweza kuwashinda?" Kengele ikalia mbele sijafungua kinywa. Kesho yake nilijibu kwa haraka: "Walishindwa na jeshi kubwa." Jibu hilo si uwongo, lakini si jibu. Nimerudi kusoma, na leo nalijibu tena, kwa polepole, kwa wote.

Tuanze na mahali penyewe. Orchha ni mji mdogo katika jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India, karibu na mji mkubwa wa Jhansi. Kutoka Jhansi hata Orchha haifiki kilometa 20. Inchi ile yote ya vilima, mawe na pori inaitwa Bundelkhand, maana yake inchi ya Wabundela. Wabundela ni jamaa moja ya Warajput. Na neno Rajput linatoka katika maneno mawili ya kale ya India, raja na putra, yaani mwana wa mfalme. Walikuwa watu wa vita na wenye inchi, waliogawanyika katika jamaa nyingi, kila jamaa na mfalme wake, na mara nyingi walipigana wao kwa wao kuliko walivyopigana na wageni. Mshike neno hili la mwisho, tutalirudia.

Mto Betwa unatoka kusini unakwenda kaskazini. Kwenye karte unaonekana kama unapanda. Msicheke, kila mwaka kuko mmoja anayeniuliza ginsi gani maji yanapanda. Unaishia katika mto Yamuna, nao Yamuna unaingia Ganges. Kufika Orchha, mto unakuta mawe magumu ya graniti. Hauwezi kuyala, basi unagawanyika: mkono mmoja wa maji unapita huku, mwingine kule, na katikati kinabaki kisiwa cha mawe. Wakati wa kiangazi maji yanapunguka, mawe yanatoka nje kama migongo ya viboko. Lakini tangu mwezi wa 6 hata wa 9 mvua kubwa zinanyesha, mto unajaa, na kisiwa kinakuwa kisiwa kweli.

Mtu wa vita akiona mahali pa namna ile, anaelewa mara moja. Adui sherti avuke. Akivuka, anaonekana. Maji ya kunywa yako karibu. Mawe ya kujengea yako chini ya miguu.

Mwaka 1531 mkubwa wa Wabundela, jina lake Rudra Pratap Singh, aliacha makao ya wazee wake kule Garh Kundar, akachagua Orchha kuwa mji wa ufalme. Hakuuona umekwisha. Mwaka ule ule alikufa. Wenyeji wanasimulia kwamba alikimbia kuokoa ngombe aliyekamatwa na mnyama mkali wa porini, naye mnyama akamjeruhi mpaka kufa. Mwana wake Bharti Chand alitawala hata 1554 na kuendelea na kuta za mji na ngome. Nyuma yake akaja ndugu yake, Madhukar Shah, ambaye alitawala hata 1592.

Sasa tuvuke sisi wenyewe. Kutoka mjini unafika kisiwani kwa daraja la mawe lenye matao mengi, lililojengwa kwa nguvu sana, maana kila mwaka mafuriko yanalipiga. Nyuma ya daraja unakuta mlango mkubwa, nyuma ya mlango uwanja, na kandokando ya uwanja ule majumba ya kifalme. Mawili ndiyo makubwa. La kwanza linaitwa Raja Mahal, la pili Jahangir Mahal.

Neno mahal tulisimamie kidogo. Watu wa India walilipata kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mahali pa kufikia na kukaa. Kwao likawa jumba la mfalme. Kwetu neno lile lile la Kiarabu likawa mahali. Kwa hiyo mtoto wa kalasi ya kwanza anaposema "mahali", anatumia neno moja na wafalme wa Orchha, pasipo kujua!

Raja Mahal ndilo la zamani. Lilijengwa hatua kwa hatua chini ya wafalme wa kwanza, na Madhukar Shah ndiye anayehesabiwa kuwa alilipa sura yake. Ukilitazama kwa nje, halikupendezi. Kuta ni nene na tupu, karibu bila mapambo, madirisha machache. Juu tu kuko vibanda vidogo vyenye kuba. Vibanda vile vinaitwa chhatri, maana yake mwavuli. Nilipoona picha mara ya kwanza nilifikiri ni gereza. Lakini ukiingia ndani ni jambo lingine. Kuko viwanja viwili, kimoja cha watu na kazi za serkali, kingine cha ndani cha mfalme na wake zake. Etaji zinapanda kwa ngazi, vyumba vinarudi nyuma kidogo kidogo, na katika vyumba kuta na dari zimejaa picha za rangi: hadithi za Rama, miungu ya Kihindu katika sura zao mbalimbali, wafalme wakiwinda, wanyama, watu wa ngoma. Rangi zile ziko hata leo katika vyumba vingine, zimefifia lakini zinaonekana.

Hii ndiyo nyumba ya mtu anayeogopa walio nje na kuwafungulia walio ndani. Nje anaonyesha adui uso mkavu, uzuri wake anauficha ndani kwa watu wake.

Juu ya Madhukar Shah kuko hadithi ambayo watu wa Orchha hawachoki kuisimulia. Mke wake, Ganesh Kunwari, alimpenda Rama kuliko miungu mingine yote. Alikwenda kwa miguu mpaka Ayodhya, akaleta sanamu ya Rama. Mfalme alikuwa anajenga hekalu kubwa sana kwa sanamu ile, hekalu la Chaturbhuj, ng'ambo ya daraja, mbele ya Raja Mahal. Lakini lilikuwa halijakwisha, basi malkia akaweka sanamu katika nyumba yake mwenyewe. Hekalu lilipokwisha, wanasema, sanamu ilikataa kuondoka. Hata leo iko katika nyumba ile ya malkia, inaitwa Ram Raja, na huko Rama anaheshimiwa kama mfalme wa Orchha, hata polisi wanampigia saluti ya bunduki. Mimi sisemi kwamba jiwe linaweza kukataa. Nasema tu kwamba ile nyumba ya malkia, ambayo ingekuwa magofu kama majumba mengine mengi, inajaa watu kila siku, na lile hekalu kubwa lilibaki karibu tupu.

Tukirudi kwa serkali. Wakati wa Madhukar Shah sehemu kubwa ya kaskazini ya India ilikuwa mkononi mwa Wamughal, wafalme wakuu Waislamu waliokaa Agra, Delhi na miji mingine. Mkubwa kati yao alikuwa Akbar, aliyetawala tangu 1556 hata 1605. Katika miaka ya 1570 majeshi ya Akbar yalikuja Bundelkhand, na Madhukar Shah akapaswa kunyenyekea. Kisiwa hakikumsaidia. Alibaki mfalme katika inchi yake, lakini mfalme mwenye bwana juu yake. Baada ya kufa kwake, mwana wake Ram Shah alikalia kiti, 1592.

Ram Shah alikuwa na ndugu zake wengi, na kati yao mmoja alikuwa na njaa ya utawala: Bir Singh Deo. Alipewa sehemu ndogo ya inchi, na haikumtosha. Hapa sasa, mwanafunzi wangu wa kiti cha nyuma, ndipo jibu linapoanza.

Akbar alizeeka. Mwana wake Salim alichoka kungoja, akaasi, akakaa Allahabad kama mfalme wa pili. Akbar alikuwa na waziri na rafiki, mtu wa akili nyingi, Abul Fazl, ndiye aliyeandika historia kubwa ya Akbar iitwayo Akbarnama. Abul Fazl hakumpenda Salim, na Salim alijua. Mwaka 1602 Akbar alimwita Abul Fazl kutoka kusini, arudi upesi. Njia yake sherti ipite karibu na inchi ya Wabundela.

Salim akatuma neno kwa Bir Singh Deo. Msifikiri ni masingizio ya adui zake. Salim mwenyewe, alipokwisha kuwa mfalme, aliandika jambo hili katika kitabu cha maisha yake, wazi, pasipo haya: kwamba alimwomba Bir Singh amzuie yule mtu njiani na kumwua, na kumwahidi wema. Tarehe 12 mwezi wa 8 mwaka 1602 Bir Singh na watu wake walimvamia Abul Fazl njiani. Waliokuwa pamoja naye walikuwa wachache. Aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Allahabad kwa Salim.

Akbar alilia sana. Akaamuru Bir Singh atafutwe. Majeshi yalimfuata kutoka pori hata pori, wasimkamate. Kisha, mwezi wa 10 mwaka 1605, Akbar akafa. Salim akakalia kiti, akajiita Jahangir, yaani mwenye kuishika dunia. Na mtu aliyewindwa kama nyama akawa rafiki wa mfalme mkuu. Jahangir alimpa cheo kikubwa na kumpa kiti cha Orchha. Ram Shah, ndugu mkubwa, alikataa, lakini aliondolewa kwa nguvu.

Basi mnaona. Bir Singh hakuingia Orchha kwa kuvuka mto usiku na mikuki. Aliingia kwa mkono wa Jahangir.

Sasa twende kwenye jumba lile la pili, maana bila hadithi hii hatuwezi kulisoma.

Jahangir Mahal lilijengwa na Bir Singh Deo kwa heshima ya Jahangir. Inasimuliwa kwamba mfalme mkuu alikuja Orchha na kulala humo usiku mmoja tu. Wanafunzi wengine watasema: hasara gani hii! Nyumba ya namna ile kwa usiku mmoja! Ngojeni kwanza tuione.

Chukua mraba, kila upande zaidi ya metre 60. Katikati acha uwanja mkubwa wazi, na katikati ya uwanja weka chemchemi ya maji. Pande zote nne za uwanja panda etaji tatu, juu ya msingi mrefu wenye matao. Kila pembe ya mraba iko na mnara, na juu ya mnara kuba. Katikati ya kila upande tena kuba nyingine. Hesabu: pembe nne na pande nne, ni kuba nane kubwa. Na kati ya hizo kubwa vinasimama vile vibanda-mwavuli, chhatri, vidogo vidogo. Mtu akitazama jumba kutoka mbali, juu ya kisiwa, anaona paa lote limejaa kuba kama uyoga nyuma ya mvua.

Kila kitu kinapimana. Ukijua upande mmoja, unajua pande zote nne. Lakini katika etaji ya juu wajenzi walifanya akili: hawakufunga ukuta wote. Waliacha vyumba vimesimama mbalimbali, na kati yao wakaweka barza za wazi, njia za kupitia na ngazi. Kwa hiyo jumba zito linakuwa jepesi kadiri linavyopanda. Upepo wa mto unapita katikati. Unaweza kuzunguka jumba lote kule juu, mara ndani ya kivuli, mara kwenye jua, na chini unaona mto, pori na mahekalu.

Watu wanaofikiri kwamba wajenzi wa zamani walitafuta uzuri tu, wafikiri pia joto. Bundelkhand mwezi wa 5 joto linapita digri 40. Wajenzi wa Orchha hawakuwa na ventilateri wala umeme. Walifanya hivi: ukuta mnene wa mawe, matofari na chokaa, ambao jua linachelewa kuupenya. Juu ya madirisha, mawe marefu yanayotokeza nje, yakitiwa kivuli chini yake, na kushikwa na mikono ya mawe iliyochongwa. Katika madirisha penyewe hawakutia kioo. Walitia bamba la jiwe lililotobolewa matundu mengi kama wavu. Wavu wa jiwe wa namna hii unaitwa jali. Mwangaza unaingia umevunjwa, macho hayaumi; upepo unaingia; na wanawake wa jumba waliweza kutazama nje bila kuonekana. Kazi tatu kwa jiwe moja. Anayependa fizika ajiulize pia kwa nini chemchemi iliwekwa katikati ya uwanja na si pembeni.

Turudi kwenye mlango, maana mlango ndio unaosema zaidi. Upande wa mashariki kuko mlango wa heshima, mrefu, umepambwa, na tembo wawili wa mawe wamesimama kandokando yake. Juu ya kuta za nje walipachika vigae vya rangi ya bulu, bulu ya anga nyuma ya mvua. Vingi vimeanguka, lakini vilivyobaki vinang'aa. Desturi hii ya vigae ilijulikana tayari kwa Warajput: jumba la Man Singh Tomar katika ngome ya Gwalior, lililojengwa karibu na mwaka 1500, lina vigae vya bulu vya namna ile. Lakini kuba na matao yenye ncha ni mafundisho yaliyokuja na Waislamu kutoka Uajemi na Asia ya kati. Na mikono ya mawe, roshani zinazoning'inia, wale tembo, ni za India ya kale. Wajenzi wa Bir Singh walivichanganya vyote pasipo kuonyesha mahali pa kushona. Mfalme mkuu akiingia, anaona kuba za baba zake, na chini yake tembo wa mwenyeji.

Sasa linganisha na Raja Mahal, jirani yake kabisa. Lile la zamani nje ni kavu, ndani ni zuri. Hili jipya ni zuri nje na ndani. Miaka si mingi imepita kati yao, jamaa ni ile ile, mto ni ule ule. Kimebadilika nini? Mimi nafikiri kilichobadilika ni yule anayetazamiwa mlangoni. Jumba la kwanza lilingoja adui, na la pili lilingoja mgeni. Na mgeni yule ndiye aliyempa mwenyeji ufalme, kwa malipo ya kichwa cha mtu. Kwa hiyo usiku mmoja au mia, hakuna tofauti: jumba halikujengwa kwa kulala. Lilijengwa ili kila mtu avukaye daraja ajue nani ni rafiki wa nani.

Bir Singh alijenga mengi mengine. Wenyeji wanasema siku moja aliweka misingi ya ngome na majumba 52; hesabu hii muichukue kama mnavyochukua hesabu za wazee wakisifu. Lakini jumba lake la Datia, upande wa pili wa Jhansi, etaji saba, limesimama na kila mtu anaweza kuliona. Na mwenye kuandika sifa hakukosekana: Keshavdas, mshairi mkubwa wa Orchha, aliandika mwaka 1607 kitabu cha maisha ya Bir Singh, na hata yeye hakupita kando ya kifo cha Abul Fazl.

Kabla ya kuendelea, kuko nyumba moja ndogo ambayo sipendi kuiruka. Nyuma kidogo ya majumba makubwa, katikati ya bustani, inasimama nyumba ya matofari ya etaji mbili tu, haizidi miti kwa urefu. Inaitwa Rai Praveen Mahal. Praveen Rai alikuwa mwanamke mwimbaji na mshairi, mwanafunzi wa Keshavdas, mpendwa wa Indrajit, ndugu mwingine wa Bir Singh. Hadithi inasema Akbar alisikia sifa zake, akaamuru aletwe kwake. Alikwenda, akamwimbia mfalme mkuu shairi la kumwonyesha kwa adabu kwamba kutamani kilicho cha mwingine si kazi ya mfalme. Akbar akaona haya, akamrudisha kwa heshima. Kati ya watu wote wa Orchha waliokutana na Wamughal, katika hadithi hii ni yeye tu aliyeshinda, na hakuwa na ukuta wala mto. Wasichana wa kalasi ya nne walifurahi sana niliposema hivi, wavulana walinyamaza.

Sasa mwisho wa ufalme ule. Mwaka 1627 Bir Singh alikufa, na mwaka ule ule Jahangir naye akafa. Urafiki ulikuwa kati ya watu wawili, wakaenda nao. Mwana wa Jahangir, Shah Jahan, ndiye aliyejenga Taj Mahal, hakuwa na deni lolote kwa Wabundela. Na mwana wa Bir Singh, Jujhar Singh, alidhani deni bado liko.

Jujhar aliondoka Agra bila ruhusa, akaasi, akashindwa, akaomba masamaha, akasamehewa mwaka 1629. Kisha akaanza tena. Alishambulia inchi ya jirani, mfalme wa Wagond kule Chauragarh, akamwua na kuchukua mali yake. Shah Jahan akadai sehemu. Jujhar akakataa.

Na kati ya mambo hayo, katika nyumba yake mwenyewe, kuko habari ya huzuni. Inasimuliwa kwamba Jujhar alimshuku mdogo wake Hardaul kuwa na mapenzi na mke wake. Akamlazimisha mke ampe Hardaul chakula chenye sumu. Hardaul alijua, akala, ili shemeji yake asihukumiwe. Mpaka sasa katika vijiji vya Bundelkhand watu wakifunga ndoa wanapeleka mwaliko wa kwanza kwa Hardaul, kama kwa mjomba wa bibi arusi. Jujhar hawamwalikii mtu.

Mwaka 1635 Shah Jahan alituma majeshi matatu. Mkuu wao kwa jina alikuwa mwana wake Aurangzeb, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 17, umri wa wengi wenu. Walikata miti ya pori kufungua njia. Pamoja nao alikuja Devi Singh, Mbundela, wa uzao wa yule Ram Shah aliyeondolewa na Bir Singh. Jujhar hakungoja kuzingirwa. Alikimbia na jamaa yake na mali yake kuelekea kusini. Mwezi wa 10 Orchha ikatwaliwa. Inaelezwa kwamba bendera ya Wamughal ilitwekwa juu kabisa, kwenye paa la Jahangir Mahal, jumba lililojengwa kumheshimu babu ya Aurangzeb. Devi Singh akawekwa kwenye kiti. Jujhar aliuawa porini na Wagond, watu wa yule mfalme aliyemwua. Picha ya kutwaliwa kwa Orchha ilichorwa na wachoraji wa Shah Jahan katika kitabu cha historia yake, Padshahnama. Kitabu hicho kiko Uingereza leo, katika jumba la Windsor.

Devi Singh hakudumu. Watu hawakumtaka, na mwaka 1641 kiti kikarudi kwa Pahar Singh, ndugu wa Jujhar. Ufalme ukaendelea, lakini dhaifu. Mwaka 1783 wafalme walihama kabisa, wakaenda Tehri, mji uitwao leo Tikamgarh. Orchha ikaachiwa mto, nyani na pori. Na labda hilo ndilo lililoiokoa: hakuna aliyebomoa majumba ili ajenge mapya juu yake.

Ukienda huko leo, karibu na maji unaona mstari wa majengo marefu ya mawe, kumi na nne hivi, kama mahekalu. Ni ukumbusho wa wafalme. Si makaburi, maana wafalme wa Kihindu walichomwa kwa moto, na majivu yakatupwa majini. La Bir Singh halifanani na mengine. Liko kama ngome ndogo, na mto unagusa miguu yake. Juu ya majengo hayo tumbusi wanajenga matundu yao. Tumbusi wa India walikwisha karibu wote kwa sababu ya dawa moja ya ngombe inayoitwa diklofenaki: ndege akila mzoga wa ngombe aliyetibiwa nayo, figo zake zinakufa. Serkali ya India iliikataza kwa mifugo mwaka 2006. Kule Orchha wachache wameponea, juu ya vichwa vya wafalme. Na mwaka 2019 majengo ya Orchha yaliandikwa katika orodha ya kwanza ya India kwa UNESCO, ile ya mahali panapongoja kuchunguzwa ili pahesabiwe kuwa urithi wa dunia.

Kazi ya nyumbani. Kalasi ya tatu na ya nne: chukueni karatasi yenye mistari ya hesabu, mchore plani ya Jahangir Mahal kama nilivyoeleza, mraba, uwanja, chemchemi, kuba nane. Kisha mchore kisiwa, mikono miwili ya mto, na daraja. Kwa kalamu ya bulu onyesheni njia aliyopita mgeni, na kwa kalamu nyekundu njia waliyopita askari wa 1635. Msinakili kwa jirani. Nitajua, kwa sababu jirani pia atakosea mahali pale pale. Na yule wa kiti cha nyuma hatachora. Yeye ataniandikia ukurasa mmoja: kama angekuwa Jujhar Singh mwaka 1629, siku ile aliposamehewa, angefanya nini na ngome yake? Nangoja makaratasi Ijumaa, mbele ya kengele ya saa sita.